Somo: Harusi ya kipupwe Nyanda za Juu Kusini, anza na saa ya chakula

Bibi harusi mtarajiwa akiulizwa mipango imefikia wapi, mara nyingi hutaja rangi za sare, ukumbi na gauni. Kwa harusi ya Juni, Julai au mwanzoni mwa Agosti huku Mbeya, Iringa na Njombe, hayo yote yasubiri kwanza jambo moja: wageni watakula saa ngapi. Mbeya mjini ipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Jua linazama kwenye saa 12 na nusu jioni, na baridi inaingia papo hapo. Ikifika saa 4 usiku, shangazi wamejifunga vitenge juu ya sare, watoto wanalia, nusu ya viti ni vitupu na chakula ndiyo kwanza kinafunuliwa. Tatizo hilo linatibiwa kwenye ratiba, wala halidai fedha ya ziada.

Hatua ya 1: Tarehe na karatasi

Hesabu kurudi nyuma, usihesabu kwenda mbele. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi itolewe angalau siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Makanisani kuna matangazo ya Jumapili tatu, na kabla ya matangazo kuna mafundisho ya ndoa. Mkatoliki ataombwa nakala mpya ya cheti cha ubatizo, isiyozidi miezi sita, kutoka parokia aliyobatizwa. Kama ulibatizwa Sumbawanga na unaishi Iringa, karatasi hiyo ndiyo itakayokuchelewesha kuliko kitu chochote. Itafute miezi minne kabla.

Angalia pia mfuko wa ndugu zako. Wakulima wa mpunga, mahindi na kahawa wanavuna kipindi hikihiki, lakini fedha inafika baada ya kuuza. Ukoo wenye wakulima wengi unachangia vizuri zaidi Agosti na Septemba kuliko Juni. Januari ni ada za shule, tena mvua ni nyingi. Mwezi huo uache.

Hatua ya 2: Fedha za kamati

Ahadi zisihesabiwe kuwa fedha. Kama daftari la mweka hazina linaonyesha ahadi za milioni 12, sainini mikataba ya milioni 8, na vingine vipangwe kwa mpangilio wa kukatwa: kinachokatwa kwanza, cha pili, cha tatu. Andikeni mpangilio huo kikao cha kwanza, watu wakiwa bado na furaha. Wiki ya mwisho kila mjumbe atatetea kitengo chake.

Kadi za dabo zihesabiwe watu wawili kwenye chakula hata kama mwenye kadi husema atakuja peke yake.

Hatua ya 3: Ratiba

Omba ibada ya saa 4 asubuhi. Kutoka hapo mambo yanajipanga: saa 6 na nusu mnatoka kanisani, picha hadi saa 8 na nusu, kisha bibi harusi ale na apumzike. Wageni ukumbini saa 10, maharusi wanaingia saa 10 na nusu. Utambulisho na keki vimalizike kabla ya saa 12 kamili jioni, na saa 12 hiyo chakula kifunguliwe. Saa 1 zawadi. Saa 2 na nusu muziki pamoja na chai ya moto. Saa 3 na nusu mnafunga, na wageni wa Uyole, Iyunga au Mbalizi bado wanapata usafiri.

Mshereheshaji apewe ratiba hii kwa maandishi wiki mbili kabla, maana wengi wamezoea kuweka chakula mwisho ili kuwabakiza watu. Kwenye baridi mbinu hiyo haifanyi kazi: mgeni mwenye njaa anayetetemeka anaondoka bila kula wala kutunza.

Kitu kinachoiba muda kuliko hotuba ni foleni ya chakula. Mstari mmoja wa bufee hupitisha watu wanne au watano kwa dakika. Kwa wageni 300 hiyo ni zaidi ya saa nzima, na wa mwisho anakula baridi. Panga meza mbili, kila moja ichukuliwe pande zote mbili. Hapo unapata mistari minne, na watu 300 wanamaliza kwa dakika 20 hivi.

Hatua ya 4: Chakula

Hapa ndipo harusi nyingi za kipupwe zinapoharibikia, kwa hiyo soma taratibu.

Vipimo vya wageni 300: mchele kilo 40 (kilo moja watu wanane, kukiwa na vyakula vingine), nyama ya ng'ombe kilo 55 ikiwemo ya pilau, kuku 45 wakikatwa vipande vinane kila mmoja, ndizi mbichi 600, na soda kreti 25 kwa hesabu ya chupa mbili kila mtu. Kwenye baridi soda hubaki, hivyo kubaliana na muuzaji kwamba kreti zisizofunguliwa zitarudishwa.

Mchele wa Kyela na wa Mbarali unavunwa kipindi hicho, na sokoni Mwanjelwa utakuta wa msimu mpya umejaa. Unanukia kweli, lakini mchele mpya hunyonya maji kidogo. Mpishi akitia maji aliyozoea, sufuria nzima inakuwa bokoboko. Muulize muuzaji kama anao wa mwaka jana. Ukikosa, pikeni kikombe kimoja wiki mbili kabla, mkianza na kikombe kimoja na nusu cha maji badala ya viwili, muone unavyotoka.

Maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Nyama na maharage vinachelewa kuiva kuliko pwani hata moto ukiwa mkali, kwa sababu kuongeza kuni hakuongezi joto la maji yanayochemka. Dawa yake ni muda na kufunika sufuria. Nyama ya rosti ibandikwe saa tano kabla ya kula, na maharage yalowekwe usiku mzima.

Kisha mafuta. Tazama sahani ya mbuzi dakika kumi baada ya kupakuliwa usiku wa Julai: ukingoni kuna duara jeupe, mchuzi umeshika utando, na anayekula anahisi mafuta yamegandia mdomoni. Mafuta ya mnyama huganda mapema. Chagueni nyama isiyo na mafuta mengi na mpikie mafuta ya alizeti, ambayo hubaki maji. Chipsi ziondoeni kwenye bufee, zinapoa na kulegea kabla mtu hajafika mezani kwake. Ndizi nyama yenye mchuzi mzito hutunza joto vizuri kuliko chochote kikavu, na wageni wa Rungwe watakushukuru.

Vile vyombo vya bufee vinavyowashwa moto chini havipashi chakula kilichopoa, vinatunza joto tu. Maji ya sinia la chini yatiwe yakiwa yanachemka, makopo ya moto yawashwe nusu saa kabla, na kila chombo kiwe na kopo moja la akiba. Mkimimina maji ya bomba la Julai, makopo yataisha kabla maji hayajapata moto.

Chai ya tangawizi ya watu 300, kikombe kimoja kila mmoja: maji lita 60, majani nusu kilo, tangawizi mbichi kilo moja na nusu iliyotwangwa, sukari kilo 5. Ni kitu rahisi kuliko vyote kwenye bajeti, na ndicho kitakachowaweka watu kitini hadi mwisho.

Hatua ya 5: Keki

Keki nyingi zinatumbukia katikati kwa sababu mapishi ni ya nchi za chini. Huku juu hewa ya ndani ya keki inapanuka haraka, keki inapanda kabla unga haujashika, halafu inadondoka. Mwokaji apunguze robo ya bekingi pauda, apunguze kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwa kila kikombe, na aongeze vijiko viwili vya maziwa au maji kwa kila kikombe cha unga. Siagi na mayai vikae sehemu ya joto saa mbili kabla ya kuchanganya. Mayai ya baridi yanakata mchanganyiko, unaona vipunje kama maziwa yaliyoganda, na keki inatoka nzito.

Krimu ya siagi huwa ngumu usiku. Keki ifike ukumbini mapema na isiwekwe karibu na mlango.

Hatua ya 6: Gauni, uso na joto lako

Jaribu gauni ukiwa umevaa taiti nzito ndani pamoja na viatu vya siku yenyewe. Upindo uishie sentimita mbili juu ya sakafu. Nyasi za asubuhi zina umande, na Julai vumbi liko kila mahali. Mikono ya lesi yenye kitambaa cha ndani inapendeza na inakinga. Tafuta pia kikoti cheupe au shali nzito kwa ajili ya jioni, kishonwe na fundi yuleyule ili weupe ufanane. Nyeupe ya maziwa juu ya nyeupe ya theluji inaonekana vibaya sana kwenye picha.

Upepo wa kipupwe unakausha ngozi na kupasua midomo. Anza kupaka mafuta mazito wiki tatu kabla, kila usiku. Usijaribu krimu mpya wala kusafisha uso kwa dawa ndani ya siku kumi za mwisho. Siku yenyewe mekapu ya krimu inakaa vizuri kuliko ya poda, maana poda huonyesha magamba.

Hatua ya 7: Picha

Iringa mna mwamba wa Gangilonga na nguzo za Isimila, mwanga mzuri ni baada ya saa 9 alasiri, kwa hiyo za huko ziwekeeni siku nyingine. Wanaotaka maua ya Kitulo wajue kwamba uwanda huo huchanua msimu wa mvua. Julai utakuta nyasi kavu na upepo. Ziwa Ngosi lina njia ya kupanda kwa miguu msituni, halifai kwa gauni refu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kihesa, Iringa): Kamwene dada zangu. Mchungaji ametupa saa 8 mchana, asubuhi kuna ndoa nyingine. Ratiba yote imevurugika?

Jibu: Haijavurugika, dada. Kata picha. Pigeni za familia palepale kanisani kwa dakika 20, mkiwa na orodha ya makundi mkononi mwa mtu mmoja mwenye sauti. Picha zenu wawili zipigwe kesho yake asubuhi, mwanga utakuwa safi. Ukumbini ingieni saa 11 na nusu, chakula saa 1 kamili, keki ikatwe baada ya kula.

Swali (Soweto, Mbeya): Baba mkubwa ndiye mwenyekiti na hataki chakula kitangulie zawadi. Anasema watu wakishiba wanaondoka.

Jibu: Usibishane naye kwenye kikao, mwambie mama au shangazi azungumze naye nyumbani. Mpeni njia ya kati: kundi la kwanza la zawadi, yaani wazazi na wajomba wa pande zote, litangulie saa 11 na nusu kwa dakika 20. Chakula kifuate, halafu makundi yanayobaki yaitwe huku chai ikipita mezani. Mtu mwenye kikombe cha moto mkononi hasimami haraka.

Nyongeza ya mwanachama (Makambako): Zawadi za makundi ziandikishwe mlangoni wakati wa kuingia. Kikundi kilichoandikwa jina hakiondoki kabla ya kuitwa.

Swali (Mafinga): Usiku kabla ya harusi tutalala wasichana saba chumba kimoja, baridi ni kali. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa?

Jibu: Hapana, mdogo wangu, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa wakiwa usingizini. Katazo hilo ni kwa chumba cha bibi harusi, kwa turubai lililofungwa pande zote na kwa stoo ya wapishi. Wekeni chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo ndani ya mablanketi, na mvae soksi.

Swali (Dar, harusi Mbeya): Msimamizi wangu anataka kuja kwa ndege asubuhi ya siku ya harusi. Ni salama?

Jibu: Aje siku moja kabla. Ukungu wa asubuhi unaweza kuchelewesha ndege ya Songwe. Wanaokuja kwa basi, zaidi ya kilomita 800, wafike juzi yake, na kila mmoja abebe sweta. Andikeni hilo kwenye ujumbe wa mwaliko, wa Dar huwa hawaamini mpaka wafike.

Swali (Tukuyu): Sisi huku mvua haina msimu, hata Julai inanyesha. Sherehe ni nyumbani kwa wazazi, ukumbi hatuna.

Jibu: Kodisheni turubai lenye kuta, na ukuta wa upande wa kusini-mashariki ufungwe moja kwa moja, kwa kuwa upepo wa kusi unatoka huko. Chimbeni mfereji wa kina cha kiganja kuzunguka turubai siku mbili kabla. Sehemu ya maharusi kupita ilazwe mbao kwanza, zulia juu yake. Zulia likilazwa juu ya udongo linanyonya maji hadi kwenye gauni. Jiko liwe na paa lake peke yake, na kuni ziletwe wiki nzima mapema zikae ndani, maana kuni mbichi za Rungwe zitatoa moshi tu mpaka saa 12.