Somo: Kijana ana kazi, yuko kwenye bima yako, na unamweka kwenye kodi

Wazazi wengi tulioko Marekani tunadhani kijana akishaanza kupata W-2 (fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri), hawezi tena kuwa kwenye bima yetu ya afya wala kwenye kodi yetu. Bima na kodi ni mambo mawili, kila moja lina kipimo chake.

Hatua ya 1: Weka bima pembeni kwanza. Tangu sheria ya Obamacare ya 2010, bima inayopokea watoto inamshika kijana mpaka atimize miaka 26. Awe na kazi, awe ameoa, awe anaishi jimbo jingine, haijalishi.

Hatua ya 2: Mpime kama ni tegemezi, yaani mtu unayeruhusiwa kumdai kwenye kodi yako. Awe chini ya miaka 19, au chini ya 24 kama alisoma muda wote kwa walau miezi 5 ya mwaka. Awe ameishi kwako zaidi ya nusu ya mwaka. Akikaa bweni la chuo, anahesabiwa yuko nyumbani. Na asiwe amejigharamia mwenyewe zaidi ya nusu ya matunzo yake. Hapa ndipo watu wanapokosea: mshahara wake hauna kikomo. Akipata dola 20,000 akaziweka benki, wewe ukaendelea kumlisha na kumlipia pango, bado ni wako.

Aliyepita umri huo ana mlango mwembamba: kwa mwaka wa kodi 2025, kipato kiwe chini ya dola 5,200 na wewe uwe umegharamia zaidi ya nusu ya maisha yake. Mwenye ajira ya kudumu hapiti hapo.

Hatua ya 3: Bima yenyewe imetoka wapi? Kama ni ya kazini kwako, tulia. Thamani ya bima ya kijana haikatwi kodi ya serikali kuu mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza 26, awe tegemezi au asiwe.

Kama ni ya HealthCare.gov au soko la bima la jimbo, fungua macho. Ruzuku, yaani msaada wa serikali wa kulipia bima hiyo, inapimwa kwa kipato cha kaya nzima, na cha tegemezi kinaongezwa pale tu kipato chake kinapomlazimu kufaili (kupeleka fomu yake ya kodi). Kwa 2025, hiyo ni mishahara inayozidi dola 15,750. Binti aliyepata dola 9,000 ghalani akafaili ili arudishiwe makato yake, hela yake haiingii. Akipata 17,000, zinaingia zote 17,000, si ile ziada tu. Basi toa taarifa sokoni mapema akiongezewa masaa, maana kuanzia mwaka wa kodi 2026 ruzuku iliyozidi inarudishwa yote. Kile kikomo cha zamani cha kurudisha kimefutwa.

Hatua ya 4: Ongeeni kabla hajafaili kwa simu. Programu itamuuliza kama kuna mtu anaweza kumdai kama tegemezi. Jibu ni ndiyo, hata kama mzazi hajafaili bado.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, binti yangu alijibu hapana na ameshapokea marejesho. Fomu yangu ya kodi imekataliwa. Nifanyeje?*
Pole, mama. Afanye marekebisho kwa fomu 1040-X. Wewe omba IP PIN, namba ya siri ya kukutambulisha, kwa IRS (mamlaka ya kodi); ukiwa nayo unaweza kutuma tena kwa mtandao.

*Kijana wangu ana 24, kazi ya kudumu, yuko kwenye bima ya kazini kwangu. Naweza kumlipia daktari kwa HSA yangu (akaunti ya akiba ya matibabu)?*
Kwa kawaida hapana, kaka. HSA yako inafuata utegemezi, si umri wa bima. Ila kama bima hiyo ni ya aina inayoruhusu HSA, yeye anaweza kufungua ya kwake.

*Shikamoo. Nina 20, nasoma, mzazi ananidai. Mwajiri amenipa bima lakini nataka ya soko yenye ruzuku.*
Marahaba. Kama mchango wako kwa bima ya mwajiri haukuzidi asilimia 9.02 ya kipato cha kaya mwaka 2025, na bima yenyewe inakidhi kiwango, ruzuku hukupata. Angalia neno kaya: kipato cha wazazi kimo ndani.

*Mwanangu si tegemezi tena, lakini 1095-A yetu, fomu ya soko inayoonyesha bima na ruzuku ya mwaka, ina jina lake.*
Mgawane kwa asilimia viwango vya 1095-A hiyo kwenye sehemu ya 4 ya fomu 8962, ile ya hesabu ya ruzuku. Mnakubaliana nyinyi wenyewe, ila fomu zenu mbili zioane.