Jinsi ya kuenjoi makachu pale Forodhani
Kama uko Mji Mkongwe, Zanzibar, wahi Forodhani, ile bustani ya kando ya bahari, kabla ya magharibi, maana vijana wa makachu, yaani mchezo wa kuruka baharini kwa sarakasi, wanaanza kujirusha jua likiwa bado lipo, na cheki kwanza maji yamejaa saa ngapi, yakiwa yametoka sana hawaruki. Kaa pembeni ya ukuta, usizibe njia yao ya kukimbilia, jamaa anakuja spidi anapiga sarakasi hewani hadi watu wote wanapiga kelele! Ukitaka kuwarekodi waombe kwanza, hasa watoto, na beba noti ndogondogo uwatunze, wanastahili kabisa. Usijaribu kuruka kama hupajui, chini kuna mawe. Wakimaliza, urojo na mishikaki iko hapohapo nyuma yako.