Weka dodoki chini: namna ninavyotunza uso wenye mafuta na chunusi

Nilipokuwa na miaka 19 nilikuwa naosha uso mara sita kwa siku. Nilikuwa namsaidia shangazi kuuza vitenge Kariakoo, na ikifika saa nne asubuhi paji la uso linang'aa kama limepakwa samli. Nikijiona kwenye kioo nakimbilia bombani na sabuni ya mche, ile ya kufulia, nasugua kwa dodoki mpaka uso unakakamaa. Baada ya saa moja mafuta yamerudi na chunusi zinauma kuliko mwanzo. Miaka miwili iliishia hapo, na madoa meusi ya mashavuni yalichukua zaidi ya mwaka kufifia. Kwa hiyo, mdogo wangu, kama nawe unasugua, weka dodoki chini kwanza.

Mafuta ya uso hayatokani na uchafu. Yanatengenezwa na tezi zilizo ndani ya ngozi, na tezi hizo zinaendeshwa na homoni. Ndiyo maana chunusi huanza wakati wa kubalehe, na wengi wetu zinafumuka siku chache kabla ya hedhi. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu cha kinyweleo kinaziba, bakteria wanaoishi humo wanazaana, panavimba. Dodoki halifiki huko chini. Linachubua juu tu, na kwa ngozi zetu nyeusi kila mchubuko unaweza kuacha doa.

Asubuhi naosha kwa sabuni ya maji ya uso, isiyo na manukato makali. Vidole vitupu, kama nusu dakika, kisha najifuta kwa kubonyeza kipande cha kanga kuukuu ambacho hakitumiwi na mtu mwingine. Jioni narudia. Nikitoka jasho sana mchana naosha tena, basi.

Halafu losheni. Hapa ndipo wengi wanabisha: uso wenyewe una mafuta, losheni ya nini? Ni ya kukuwezesha kuvumilia dawa. Dawa za chunusi zinakausha, uso unawasha na kubanduka, na wengi huacha dawa wiki ya pili kwa sababu hiyo. Tafuta losheni nyepesi au jeli iliyoandikwa kwamba haizibi vinyweleo. Mafuta ya nazi yaache miguuni. Na kama chunusi zako zimejipanga kwenye paji la uso, chini ya mstari wa nywele, angalia mafuta ya nywele unayopaka kabla ya kusuka. Yanateremka na jasho.

Cha mwisho asubuhi ni sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi. Tumezoea kuiona kama kitu cha wageni wa ufukweni na ndugu zetu wenye ualbino, lakini jua ndilo linalofanya doa la chunusi likae miezi na miezi. Chora mistari miwili ya krimu kwenye vidole viwili, kutoka kwenye shina mpaka ncha. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Kama inakuacha mweupe kama umepakwa unga, jaribu ya jeli. Yenye rangi ya ngozi yako ni nzuri zaidi kwa madoa, kwa sababu rangi ile inazuia pia mwanga wa kawaida unaoyakoleza. Ukishinda juani, rudia kila baada ya saa mbili.

Sasa dawa, na hii ni ya jioni. Anza na moja tu. Kama chunusi zako ni nyekundu, zimevimba na zina usaha, tafuta benzoili peroksaidi. Asilimia 2.5 inatosha, ya 10 inaunguza zaidi bila kuponya zaidi. Inatoa rangi kwenye nguo: kanga nzuri ya shangazi iliota mabaka meupe kwa sababu nilijifutia nayo, kwa hiyo tumia foronya nyeupe. Kama zako ni vipele vidogo vidogo, vyeusi au vyeupe, visivyouma, adapalini ya asilimia 0.1 ndiyo iliyonifaa mimi.

Adapalini naipaka hivi. Naosha uso, nasubiri ukauke kabisa. Natoa dawa kiasi cha punje moja ya njegere, naigawa nukta tano: paji la uso, mashavu mawili, pua, kidevu. Naisambaza uso mzima, maana dawa hii inazuia chunusi ambazo bado hujaziona. Kuidondoshea kipele kimoja ni kuipoteza. Naepuka macho, pembe za pua na midomo. Kisha losheni juu yake. Wiki mbili za kwanza nilipaka usiku mmoja na kuruka mbili. Wiki ya tatu chunusi ziliongezeka, nikalia, nikataka kuacha. Hali hiyo hutokea. Ipe dawa wiki 12 kabla ya kuihukumu. Ila ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, adapalini usiiguse.

Limao na dawa ya meno viache jikoni na kwenye mswaki. Maji ya limao yakikutana na jua yanaweza kukuunguza kabisa.

Na mkorogo, tafadhali. Najua unavyouzwa: krimu imechanganywa kwenye kopo lisilo na jina, siku ya nne uso laini, chunusi hakuna. Nyingi zina steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe. Inatuliza uvimbe haraka, inakondesha ngozi, na siku ukiiacha chunusi zinarudi kwa kishindo. Rafiki yangu alifungiwa ndani na uso wake mwenyewe kwa miezi mitano, hataki hata kufungua mlango. Ukikuta hidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki kwenye maelezo ya krimu ya kung'arisha, irudishe dukani.

Chunusi zikiwa mabonge makubwa yanayouma chini ya ngozi, au zinaacha mashimo, usisubiri wiki 12. Nenda kwa daktari wa ngozi. Hospitali kubwa za rufaa wanao, na Moshi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, kuna kituo kizima kinachofundisha wataalamu wa ngozi. Ukienda, beba kwenye mfuko kila kichupa na kila kopo unalopaka, hata lile la mkorogo, ili asome mwenyewe kilichoandikwa.