Ukiuziwa Palm ya mtumba yenye muziki, ipime hivi kabla hujatoa pesa

Juzi nlikuwa Malindi kutafuta spea ya injini ya boti, nkapita kwa fundi mmoja wa simu, na kwenye kabati lake la kioo katikati ya masimu yaliyopasuka nkaiona Palm Zire 31 na kalamu yake bado imo. Fundi kuona macho yangu yameganda pale akaanza, "Ami, hiyo elfu tatu tu, ni kompyuta ya mfukoni hiyo na muziki inacheza." Mtaliano mmoja alikuwa anarudi kwao akamwachia na vitu vyengine. Nami kwa sababu hivi vidude nishavitumia miaka na vishanitia hasara, nkaona niandike vile mtu anapaswa kuvipima, manake kila nikija nacho hapa Lamu watu wanauliza bei kabla hawajauliza kinafanya nini.

Kwanza ujue hapo unauziwa vitu viwili kwenye ganda moja, ogenaiza ya kuwekea ratiba na namba na madeni, halafu kidude cha kuchezea nyimbo za MP3. Vitie bei mbali mbali. Hiyo Zire 31 ilitoka 2004 ikiuzwa dola 149 Marekani, na mwaka huo huo iPod mini ya GB 4 ilikuwa dola 249, kwa hivyo wakati ule muziki ndio uliokuwa utamu wa biashara, unapata vyote viwili kwa bei ya chini. Leo mambo yamegeuka kabisa. Simu yoyote ya kabambe, hizi za bei rahisi za batani, ina nafasi ya memori kadi, ina FM, ina tochi, betri unaibadilisha mwenyewe, na M-Pesa juu yake. Sasa mtu akikupandishia bei kwa sababu "inacheza muziki" mwambie muziki huo ni nyongeza, wewe unalipia pale pa kuandika.

Halafu usidanganywe na jina. Zire ni ukoo, si kidude kimoja. Zire ya kwanza ya 2002 na Zire 21 kioo chao ni cha rangi moja, hazina nafasi ya kadi, muziki hakuna. Z22 ya 2005 ina rangi nzuri lakini kadi pia haina. Zenye muziki kwa zile za bei nafuu ni 31, na ukipanda kidogo Tungsten E, nayo ni Palm, ambayo kioo chake ni nukta 320 kwa 320 wakati cha 31 ni 160 kwa 160, yani herufi za 31 zaonekana kama zimeshonwa kwa uzi mnene. Geuza kidude, soma namba, tafuta tundu la kadi juu na tundu la hedifoni. Hakuna matundu, hakuna mjadala.

Kadi sasa. Hiyo 31 ina MB 16 ndani na muziki wenyewe unakaa kwenye kadi, si ndani, kwa hivyo bila kadi hiyo ni nusu ya mali. Inataka kadi ya SD ya zamani, hizi kubwa kubwa za siku hizi za GB 16 na 32 haizisomi kata kata. Kaa GB 1 kushuka, hata ile ndogo ya simu ndani ya adapta yake sawa. Hesabu ni nyepesi, MP3 ya kawaida ya ubora wa 128 kbps inakula kama MB 1 kwa dakika, kwa hivyo MB 256 ni kama masaa manne. Kama wasikiliza taarab ya zamani ambayo wimbo mmoja dakika kumi na tano hazitoshi, basi ni nyimbo kumi na sita hivi, zatosha Lamu mpaka Kiwayu na kurudi kwa injini.

Betri ndio pahali pa kukaa na kutulia. Iko ndani, hakuna mfuniko wa kufungua, na kwa hizi za 2004 kurudi nyuma betri ikiisha kabisa kila ulichoandika kinafutika, maanake memori yake inaishi kwa umeme. Wallahi mimi lilinipata na kidude changu cha kwanza, jina la kampuni silitaji. Nlikuwa nimeweka humo wageni wa mwezi mzima, nani kalipa nusu, nani anataka kulala kisiwa cha Manda, chaja nkaisahau nyumbani siku nne, kuja kukiwasha kinaniuliza lugha gani nataka kama tumekutana leo. Nliwapigia wageni mmoja mmoja kuwauliza wamenilipa ngapi, na unajua mwenyewe majibu yalivyokuja. Tungsten E2 na Z22 zimeponywa ugonjwa huo, data hubaki hata betri ikifa, na kwangu hilo ni la thamani kuliko rangi na muziki pamoja. Kwa zile nyengine tafuta programu ya kunakili kila kitu kwenye kadi, na usitegemee sana kuunganisha na laptop mpya maana Windows za 64-bit na waya wa hizi Palm za zamani hazielewani. Muziki wautia kadi kwa kisomeo cha kadi tu, hapo hamna shida.

Kwa hivyo dukani usiridhike na kuwaka. Dai chaja yake yenyewe, ya simu yako haiingii. Washa wimbo, acha kioo kinawaka, kaa hapo saa nzima unywe chai, tazama alama ya betri imeshuka vipi. Chomeka hedifoni uizungushe, sisi watu wa pwani chumvi inaingia kila mahali, ikikwaruza au sikio moja likafa basi kuna kutu mle ndani na punguza bei hapo hapo. Toka nayo juani, kioo cha 31 kinafifia vibaya nje, na kama kazi yako ni ya baharini kama mimi utakuwa unakisoma chini ya shuka. Gusa pembe zote nne kwa kalamu uone kama inapokea pale pale ulipogusa.

Na andika. Andika sana, kwa Kiswahili chako, usijaribu na "hello". Hizi za 2003 kuja juu zina mwandiko unaoitwa Graffiti 2 ambao i, k na t zataka mikwaruzo miwili miwili, sasa jaribu kuandika "kitikiti" uone mkono unavyochoka, lugha yetu ni kama ilitengenezewa adhabu hiyo. Mimi nimezoea, mke wangu alijaribu mara moja akanirudishia.

Kalenda nayo ijaribu kwa kazi yako halisi. Mimi nliweka bamvua, yale maji makuu yanayofuata mwezi, ijirudie kila siku 14, nkajiona mjanja, baada ya miezi miwili kidude kilikuwa kimeutangulia mwezi kwa siku tatu. Kosa si lake, mwezi hauendi kwa wiki mbili kamili. Sasa naziweka kwa mkono mwaka mzima, kazi ya jioni moja, na kengele yake inaniamsha kabla maji hayajapwa boti ikalala kwenye matope.

Yule fundi basi nlimwambia nitaiacha ikicheza mpaka nirudi toka kwa spea. Nimerudi saa na nusu baadae bado inaimba, lakini sikio la kushoto linakatika katika. Tukavutana, nkamtolea mia nane na kadi ya MB 256 ndani yake. Chaja alitaka mia mbili mbali, nkampa.