Namna ya kupima mafuta ya lori Mbarara–Kabale kabla tajiri hajakupigia simu

Wenzangu wa njia ya Katuna, mpaka wa Uganda na Rwanda, mnajua hii. Unatoka Mbarara na mzigo, ukifika Kabale tenki imeshuka vibaya, tajiri anapiga simu anataka kujua hayo mafuta umeuza wapi. Wengi wanasema ni hewa ya juu, haina nguvu. Sikatai, ila anayekunywa mafuta zaidi ni mlima wenyewe, na mlima unapigiwa hesabu hata na kalkuleta ya simu.

Hatua ya 1. Jaza ful tenki Mbarara, gari imesimama pahali tambarare, mpaka pampu ikate yenyewe. Piga picha mita ya kilometa na risiti. Kabale jaza tena vilevile. Geji ya dashibodi achana nayo, gari ikiinama kidogo tu inadanganya.

Hatua ya 2. Chukua uzito. Lori, trela na mzigo zikifika tani 40, kuzipandisha mita 100 ni kama lita 2.7 za dizeli, hapo naiheshimu injini, nasema inatumia asilimia 40 ya nguvu ya mafuta na zingine zinaenda joto. Mbarara iko mita 1,400 hivi na Kabale karibu 2,000, kwa hiyo lita kama 16 zimeenda kwa kupanda peke yake, juu ya zile za kawaida za barabara. Na njia yenyewe si kupanda tu, inashuka inapanda tena, kila ukikanyaga breki kwa mshuko unamwaga mafuta uliyoshalipia. Gari tupu ya tani 15 kwa mlima huohuo ni lita 6 tu, kwa hiyo usikubali safari ya mzigo ilinganishwe na ya tupu.

Hatua ya 3. Sasa hewa. Huko Kabale hewa ni pungufu kama asilimia 20 kuliko Mombasa. Injini ya tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) inajitetea, tabo inazunguka zaidi inajazia. Ile ya zamani isiyo na tabo ndo inakosa pumzi, inatoa moshi mweusi, na huo moshi ni dizeli haijaungua vizuri. Lakini hata yenye tabo, hozi ikivuja umekwisha: pitisha tochi kwenye klipu za hozi za intakula (kipozea hewa inayotoka kwa tabo), ukiona oili nyembamba imeshika vumbi hapo, presha ya tabo inatorokea hapo. Eya klina (chujio la hewa) kung'uta au badilisha. Kifuniko cha rejeta pia kagua kama kinashika presha, maana mita 2,000 maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 93.

Hatua ya 4. Gia shusha mapema kabla mlima haujakubana, mshale wa revu (mizunguko ya injini) ukae kwenye kijani, usikandamize ekseleta mpaka chini. Mshuko acha gari kwenye gia, toa mguu: injini za dizeli zinazoongozwa na kompyuta zinakata mafuta kabisa. Nyutro inaendelea kunywa, na kwenye kona za Kabale na tani 40 mgongoni, ssebo, hiyo si kubana matumizi.

Hatua ya 5. Lita ulizojaza toa zile za mlima, gawa kwa kilometa, andika na uzito pembeni. Safari ijayo mzigo uleule ikizidi lita kumi, anza na klipu za hozi, halafu kagua kufuli ya tenki.