Somo: Kufika Jobcentre bila gari, pale basi linapokuwa la shida

Somo hili nawaandikia ndugu walioko Uingereza wanaopokea Universal Credit (posho ya serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo) na hawana gari, hasa mnaoishi vijijini na kwenye vitongoji vya mbali ambako basi likikuacha unakaa kituoni saa mbili. Swali la jinsi ya kufika kwenye miadi ya Jobcentre, ofisi ya ajira inayosimamia posho hiyo, linarudi kila mwezi, na kwa kuwa najitolea kuwasaidia watu wa jumuiya yetu na akaunti zao za mtandaoni, nimeona niliweke lote mahali pamoja.

Kuna jambo naliona mara kwa mara. Ndugu anajua tangu wiki iliyopita kwamba basi halitamfikisha kwa wakati. Ananyamaza, anatumaini siku hiyo Mungu atamfungulia njia, halafu anafika amechelewa na kuanza kujieleza kwa mtu wa mapokezi. Fedha inakatwa. Maneno yaleyale angeyaandika siku chache kabla, huenda miadi ingesogezwa bila ugomvi. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini ni ya kufanya kabla ya siku yenyewe.

Na mjue kwamba umbali huu si kosa lenu. Mwaka 2017 na 2018 serikali ilifunga ofisi nyingi za Jobcentre. Glasgow peke yake ilikuwa na ofisi 16, zikafungwa 6. Kipimo walichotumia kuamua kama watu wataumia ni maili 3 au dakika 20 kwa usafiri wa umma. Dakika 20 za kwenye ramani hazimfai mama mwenye kigari cha mtoto anayebadilisha mabasi mawili kwenye mvua, tena kwa mazungumzo ambayo mara nyingi ni ya dakika 10.

HATUA YA KWANZA: Isome hati kabla ya kuikubali

Unapoanza dai unapewa hati inayoitwa Claimant Commitment, inayoonekana kwenye akaunti yako. Wengi wanabonyeza kukubali wakiwa bado wamekaa mbele ya afisa, kwa haya tu. Usikimbilie. Hati hiyo inatakiwa ilingane na hali yako: afya yako, watoto unaowalea, mzazi unayemuuguza. Mwambie afisa wazi, "Sina gari, basi la kwanza linafika mjini saa fulani, la mwisho linarudi saa fulani," na uombe iandikwe. Ukishaikubali bado inaweza kubadilishwa, lakini inakuwa kazi zaidi. Ukihama nyumba, au njia ya basi ikiondolewa, omba ipitiwe upya.

HATUA YA PILI: Pima safari mlango hadi mlango

Usitegemee ramani ya simu peke yake. Chukua ratiba ya kampuni ya basi, ya karatasi au ya tovuti, uisome hadi maandishi madogo ya pembeni. Hapo ndipo watu wa vijijini wanaponaswa: kuna mabasi yanayotembea siku za shule tu. Miezi yote unalipanda vizuri, ukifika Agosti unasimama kituoni na halipo. Angalia pia siku za sikukuu na wiki ya Krismasi.

Andika: dakika za kutembea hadi kituoni, saa ya basi kuondoka, dakika za kusubiri unapobadilisha, saa ya kufika, na basi la kurudi. Mwenye watoto aongeze muda wa kuwapeleka na kuwachukua shule.

Jingine dogo ambalo limeshawaponza wazee wetu: wao wanaandika saa za Kizungu. 9:00 ni saa tatu asubuhi. Unapoandika kwenye kalenda ya nyumbani, weka tarakimu kama zilivyo kwenye ujumbe wao, usigeuze kichwani.

HATUA YA TATU: Iandike kwenye jarida la akaunti

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Kumwambia afisa kwa mdomo ni vizuri, ila afisa anaweza kuhamishwa kesho, na aliyekuja nyuma yake hajui lolote. Kilichoandikwa kwenye jarida (journal, sehemu ya ujumbe kwenye akaunti yako) kina tarehe na saa, na hakifutiki. Mara unapopata miadi, linganisha na ratiba. Ikiwa haiwezekani, andika siku hiyohiyo. Kiingereza chepesi kinatosha, na ujumbe uwe hivi (hapa nimetumia saa zetu; wewe andika za Kizungu: 9:00, 9:40 na 10:30):

"Miadi yangu ni Jumanne saa 3:00 asubuhi. Basi la kwanza kutoka kijijini kwetu linafika mjini saa 3:40. Hakuna basi la mapema zaidi wala treni. Naomba miadi iwe saa 4:30 au baadaye, au tuongee kwa simu. Nitakuja na ratiba."

Angalieni ulivyo mfupi. Hakuna malalamiko, kuna saa mbili zinazogongana na njia mbili za kutokea. Afisa akisoma anajua la kufanya. Ukiandika tu "usafiri ni mgumu" unampa kazi ya kukuuliza, na huenda asiulize.

Usipojibiwa na siku inakaribia, piga simu ya Universal Credit, 0800 328 5644, ni bure. Kisha rudi kwenye jarida uandike kwamba umepiga, saa ngapi, na ulichoambiwa.

Mkikubaliana kuongea kwa simu, itendee simu hiyo kama miadi kamili. Namba inaweza kuja imefichwa. Wengi wetu tumezoea kutopokea namba tusiyoijua, na usipopokea inaweza kuhesabiwa kwamba umekosa miadi.

HATUA YA NNE: Tafuta nauli unayostahili

Kwanza, ukiitwa mara nyingi kuliko kila wiki mbili, unaweza kuomba kurudishiwa nauli ya zile safari za ziada. Tunza tiketi, au ukilipa kwa kadi ya benki tunza risiti ya programu ya basi. Mara nyingi fedha hii haitolewi mpaka uiombe.

Pili, ulizia kadi ya Jobcentre Plus Travel Discount. Inapunguza nusu ya nauli kwenye treni kwa tiketi zinazohusika, na London inakubalika kwenye mabasi pia. Kwa kawaida wanaopewa ni wenye miaka 18 hadi 24 waliokaa bila kazi kati ya miezi 3 na 9, na wenye miaka 25 na kuendelea waliokaa kati ya miezi 3 na 12. Ikipita miezi hiyo nafasi imekwenda, kwa hiyo uliza mapema.

England, tangu Januari 2025, nauli ya safari moja ya basi haizidi pauni 3 kwa kampuni zilizojiunga na mpango. London ukipanda basi la pili ndani ya saa moja hulipi tena, ilimradi utumie kadi ileile. Scotland vijana walio chini ya miaka 22 wanapanda mabasi bure tangu Januari 2022, lakini lazima wawe na kadi.

Kwa wa vijijini kuna mabasi ya kuagiza, yanayokuja ukiwa umepiga simu au umeomba kwenye programu. Lincolnshire kuna CallConnect, Wales kuna fflecsi. Kaunti nyingine nazo zina ya kwao, ulizeni halmashauri. Agiza mara tu miadi inapotoka, kwa sababu viti ni vichache.

HATUA YA TANO: Siku yenyewe

Lenga basi la kabla ya lile linalotosha, kama lipo. Likifutwa, usikae kimya kituoni. Piga picha ubao wa kituo unaoonyesha limefutwa, piga picha ya skrini ya programu, na utume ujumbe kwenye jarida ukiwa palepale kituoni, kabla saa ya miadi haijafika. Kisha endelea na safari. Kufika umechelewa ukiwa umetoa taarifa ni bora mara nyingi kuliko kurudi nyumbani.

HATUA YA SITA: Ukikatwa

Kwa mtu mzima anayetakiwa kutafuta kazi, kukosa miadi bila sababu ya msingi kunaweza kumkata fungu la msingi kwa kila siku, ambalo mwaka 2025/26 lilikuwa takriban pauni 13 kwa siku kwa mwenye miaka 25 na zaidi asiye na mwenzi. Makato yanaendelea mpaka utimize ulichotakiwa, halafu zinaongezwa siku 7 kwa mara ya kwanza, 14 kwa mara ya pili, 28 kwa mara ya tatu ndani ya mwaka. Maana yake kila siku unayochelewa kuomba miadi mpya inakugharimu. Omba leo, hata kama umekasirika.

Kisha una mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya. Wakikataa, una mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza huru, na rufaa ni bure. Citizens Advice, shirika la ushauri, wanasaidia bila malipo. Kuna pia fedha ya dharura kwa aliyekatwa, lakini ni mkopo, utarudishwa kidogokidogo kutoka kwenye malipo yako.

Sasa tuje kwenye maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Bin Pemba: Asalaam aleikum dada. Basi langu lilifutwa, nikafika nimechelewa nusu saa, mlinzi akaniambia nirudi nyumbani. Sijaandika popote. Nimekwisha?

Waaleikum salaam kaka yangu. Hapana, hujakwisha. Andika sasa hivi kwenye jarida: namba ya basi, saa lililotakiwa kuja, saa uliyofika, na kwamba ulizuiwa mlangoni. Omba miadi mpya kwenye ujumbe huohuo. Halafu iandikie kampuni ya basi uombe uthibitisho kwamba gari lile lilifutwa siku ile, kumbukumbu wanazo. Watakapokuuliza sababu, utakuwa na karatasi mkononi.

Mama Zuu: Ahsante kwa somo. Mimi nina watoto wawili wa shule na kila mara napewa 9:00, saa ileile ya kuwafikisha. Afisa anasema nitafute mtu wa kunisaidia.

Mama Zuu, ikiwa wewe ndiye mlezi mkuu wa watoto, hilo linatakiwa lizingatiwe kwenye hati yako. Andika saa shule inapofungua mlango, dakika za kutoka shule hadi kituoni, na basi linalofuata. Omba iwekwe kwenye hati kwamba miadi ianze baada ya saa hiyo. Iombe kama mpangilio wa kudumu, maana ukibadilisha miadi mojamoja utaonekana msumbufu ilhali shida ni ileile.

Kijana wa Leeds: Dada, nimeambiwa lazima nikubali safari ya dakika 90. Sasa nikilalamika kuhusu Jobcentre ya dakika 70 si watanicheka?

Mdogo wangu, dakika 90 ni kipimo cha umbali wa kazi unazotakiwa kuzitafuta, safari ya kwenda tu bila kurudi, na hata hapo kinaweza kupunguzwa kwa sababu ya afya au malezi. Hakiwazuii kukupangia saa inayolingana na basi, wala hakikuzuii kuomba simu. Uliza pia kama kuna ofisi nyingine inayofikika kwa basi moja. Mara nyingine wanakupanga kwa msimbo wa posta tu, na ofisi ya mji wa jirani ni rahisi zaidi kwako.

Bi Mwanaidi: Mwanangu, mguu wangu ni mbovu, nina pasi ya basi ya walemavu. Nikipanda asubuhi dereva ananitoza.

Shikamoo mama. England pasi hiyo kisheria inaanza saa 3:30 asubuhi siku za kazi. Baadhi ya halmashauri zinaruhusu mapema, ulizia yako. Omba miadi yako yote iwe kuanzia saa 5, na useme sababu ni mbili: pasi na mguu. Kwa sababu ya ulemavu wako, sheria ya usawa ya mwaka 2010 inawataka wakufanyie marekebisho yanayofaa, na simu au kutembelewa nyumbani ni mambo unayoweza kuyaomba. Andika neno "ulemavu" waziwazi, usione haya.

Mkongo wa Hull: Kiingereza changu kidogo sana. Naandikiwa na mtoto wangu wa miaka 11. Ni sawa?

Kaka, mtoto asibebeshwe mzigo huo. Una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwa simu na kwa miadi. Ukipiga, sema tu jina la lugha yako. Kwa jarida, nakili ule ujumbe wangu wa hatua ya tatu, badilisha siku na saa, halafu ulete hapa. Tutautafsiri pamoja kabla hujautuma, usiweke jina wala namba zako.

Mwanachama mgeni: Mimi basi lipo, nauli ndiyo sina. Malipo yanaingia Ijumaa, miadi ni Jumatano.

Ndugu, andika leo, usingoje Jumatano. Sema nauli ni kiasi gani, malipo yanaingia lini, na uombe mambo mawili: kuongea kwa simu Jumatano hiyohiyo, au kusogezwa hadi Jumatatu. Uliza pia kama afisa anaweza kukusaidia nauli kutoka kwenye mfuko wao wa msaada, kwa kuwa ana uhuru wa kuamua. Asipojibu hadi kesho mchana, piga ile namba ya bure, kisha njoo utuambie walichosema.