Kusafisha kwa hiari kiwanja chenye tangi la mafuta la zamani: mwongozo kwa wanunuzi wa Mtwara na Lindi

Anayenunua kiwanja kilichowahi kuwa kituo cha mafuta hununua pia kilichozama ndani ya udongo wake. Katika kazi yangu ya kupima ardhi iliyochafuliwa huku kusini, nimewaona wanunuzi wengi wakikwama kwa sababu moja: hawana karatasi yoyote inayoonyesha udongo ulikuwaje siku walipokabidhiwa funguo. Maghala ya viuatilifu vya korosho yana taratibu zake, na hapa sitayagusa.

Hatua ya kwanza: fahamu dhima kabla ya kutia saini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, imejengwa juu ya kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na inaruhusu kutolewa kwa amri ya kurejesha mazingira inayomtaka mtu aondoe uchafu na kuirudisha ardhi katika hali yake. Kanuni hiyo ni ya haki, lakini aliyechafua anaweza kuwa amefariki au kampuni yake imefungwa, na afisa anapofika atakukuta wewe. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1980 ya kusafisha maeneo yenye kemikali hatarishi humbebesha gharama hata mmiliki wa sasa asiyechafua, na marekebisho ya mwaka 2002 yakamkinga mnunuzi aliyechunguza kiwanja kabla ya kununua na kuchukua tahadhari za msingi baadaye. Sisi tusitarajie cheti cha msamaha. Hata hivyo, mtu mwenye ushahidi wa uchunguzi wa mapema huzungumza na mamlaka na majirani akiwa na msingi wa kusimamia.

Hatua ya pili: tafuta historia.

Nenda kwa wazee wa mtaa na uulize pampu zilisimama wapi, tangi lilifukiwa lini, na kama kuna kisima ambacho maji yake yaliwahi kunuka mafuta ya taa. Kisha tembea kiwanjani taratibu. Bomba jembamba lililosimama kando ya ukuta bila kazi yoyote inayoonekana mara nyingi ni bomba la hewa la tangi lililo chini. Kiraka cha zege katikati ya mchanga nacho kina habari yake.

Hatua ya tatu: chukua sampuli.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Udongo wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni mchanga, mafuta hupenya haraka, na petroli ikiyafikia maji ya chini huelea juu yake na kusogea nayo kuelekea visima vya jirani. Kwa hiyo sampuli ya juu juu haisemi kitu. Toboa kwa keekee ya mkono mpaka chini ya usawa wa kitako cha tangi, upande ambao maji huelekea, na utoboe shimo jingine mbali na tangi kwa ajili ya kulinganisha. Jaza chupa ya kioo mpaka mdomoni, bila kuacha nafasi ya hewa, futa chembe za mchanga kwenye nyuzi za kifuniko, funga, andika kina na saa, kisha iweke kwenye barafu palepale. Nimewahi kupokea chupa zilizojazwa nusu na kusafirishwa usiku kucha kwa basi hadi Dar es Salaam bila barafu: petroli yote ilikuwa imekimbilia kwenye ile hewa ya juu, na majibu yakaonyesha udongo safi uliokuwa unanuka. Omba pia kipimo cha madini ya risasi ikiwa kituo kilifanya kazi kabla ya mwaka 2006, kwani wakati huo petroli yenye risasi ilikuwa bado inauzwa.

Hatua ya nne: andikiana.

Wape mamlaka ya mazingira taarifa ya maandishi kabla ya kuchimba, na katika mkataba wa mauziano mwombe wakili aweke kifungu cha kuzuia sehemu ya bei hadi usafishaji ukamilike.

Hatua ya tano: ondoa tangi na udongo mchafu.

Tangi tupu linatisha kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki hulipuka kwa cheche moja. Asiliguse fundi wa kuchomelea kabla halijatolewa mvuke na kupimwa. Fanya kazi hii kiangazi, maana mvua za Desemba hadi Aprili huligeuza shimo kuwa bwawa. Udongo wenye dizeli kiasi unaweza kutandazwa juu ya turubai nene, ukawekewa mbolea ya naitrojeni na maji kidogo, ukageuzwa mara kwa mara ili bakteria waule uchafu. Njia hii haiondoi risasi. Udongo wenye risasi, pamoja na tope la tangi, umkabidhi mwenye kibali cha kusafirisha taka hatarishi na udai stakabadhi.

Hatua ya sita: thibitisha kabla ya kufukia.

Chukua sampuli kwenye kuta zote nne za shimo na chini yake, piga picha zenye tarehe, na uzungushie uzio imara ili mtoto asitumbukie. Majibu yalinganishwe na viwango vya ubora wa udongo vya mwaka 2007. Mkandarasi atakuhimiza ufukie ili aondoe mtambo wake. Mlipe siku za kusubiri, na shimo libaki wazi mpaka majibu ya maabara yawe mkononi mwako.